Nimerithi Land Rover ya baba, na fundi anasema nianze na injini

Shikamoo Fundi,

Mimi ni mtoto wa mwisho kati ya watano. Baba alipofariki mwaka juzi, ndugu zangu waligawana vitu vya maana, mimi nikaachiwa Land Rover kwa sababu hakuna aliyeitaka. Ni Series III ya mwaka 1977, ile ndefu ya 109 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), pikapu ya petroli yenye kabini mbele na bodi wazi nyuma. Baba aliiendesha hadi miezi michache kabla hajaugua. Nyuma ya kiti kuna daftari lake ambamo aliandika kila alichokifanya: lini alibadili oili, lini aliweka plagi mpya, lita ngapi kwa kilomita ngapi. Mstari wa mwisho umeandikwa kwa mkono ulioanza kutetemeka: "Valvu 10, ekzosi zote nne hazijasogea tena."

Sitaki gari la kupiga nalo picha. Nataka la kwenda kazini kila siku, kilomita 22 kwenda na 22 kurudi. Karibu njia yote ni lami, kuna mlima mmoja mrefu, na kilomita tatu za mwisho ni vumbi ambalo mvua ikinyesha hugeuka tope. Gari jingine sina, na la kununua siliwezi. Nina akiba inayolingana na mishahara yangu minne, basi.

Hali yenyewe ni hii. Breki nakanyaga mara mbili ndipo linasimama. Usukani una plei, nauzungusha kwanza bure ndipo magurudumu yasikie, na kwenye lami ni kulirudisha njiani muda wote. Usiku taa ni za njano kama kibatari. Asubuhi linawaka kwa kubembelezwa, na likishapata moto linazimika kwenye foleni. Kwenye kilomita 80 kwa saa simsikii aliyekaa pembeni yangu. Mgongo ndio usiseme.

Fundi niliyempelekea alifungua boneti, akatazama kidogo, akasema: "Dada, toa injini hii, weka dizeli ya turbo, utasahau shida zote." Gharama aliyonitajia inakula mishahara mitatu na nusu. Kaka yangu mkubwa anasema niuze skrepa. Kaka wa pili, ambaye anapenda magari, anataka matairi mapana, springi za koili na kiyoyozi, na yuko tayari kuchukua likizo tulivue lote mara moja uani, "tulirudishe likiwa jipya."

Nianzie wapi, Fundi?

Binti wa Mwisho

*

Marahaba, binti yangu. Pole kwa kumpoteza mzee. Ahsante pia kwa kuunakili ule mstari wa daftari. Nitaurudia, maana mzee wako alikujibu nusu ya swali kabla hujaliuliza.

Kwanza kaka yako wa pili, kwa sababu ndiye anayeweza kukumalizia gari. Land Rover hizi zinavuliwa kwa urahisi mno. Bodi yote ni boliti, na vijana wawili wenye spana wanaweza kuiacha chasisi tupu kwa wikiendi moja. Kuivisha tena ndiko kunakochukua miaka. Hata mimi niliwahi kulivua moja la kwangu nikiwa kijana mwenye ari nyingi. Milango niliihifadhi chini ya kitanda, boliti nikazitia kwenye makopo bila kuandika zilikotoka, na mwishowe nililiuza kwa makopo yake. Gari la kila siku hutengenezwa huku linatembea. Chagua kazi moja inayoanza Ijumaa jioni na kuisha Jumapili, gari lisimame kwa magurudumu yake, Jumatatu uende nalo kazini. Kazi isiyoingia katika siku mbili isubiri likizo ya kaka, na hiyo pia iwe moja tu.

Kabla hujatoa hata senti, lala chini ya gari na nyundo ndogo na bisibisi. Bodi ya alumini haiozi kama chuma, kwa hiyo juu gari huonekana zima hata kama chini kumekwisha. Chasisi ni boksi la chuma lililo wazi ndani, na kutu yake huanzia ndani ikitoka nje. Igonge taratibu kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilichooza hutoa mlio mzito kama wa boksi la karatasi. Kaa zaidi pale springi zinaposhikwa, kwenye mikono inayotoka pembeni kubeba bodi, na kwenye ule mhimili wa nyuma kabisa. Halafu panda ndani, inua mpira wa sakafu, utazame mahali miguu inapokaa na kuta za mbele ya magoti, maana huko ni chuma na tope hujificha. Viraka viwili vitatu vya kuchomelea ni kazi ya kawaida. Bisibisi ikizama sehemu nyingi kwa mkono tu, niandikie upya kabla hujafanya lolote, maana hapo hesabu inabadilika kabisa na huenda kaka mkubwa akawa na hoja.

Tuseme chasisi imelia vizuri. Sasa breki, na hapa nitakaa, kwa sababu pesa yako ya kwanza inakwenda huku, na kwa sababu yule fundi alifungua boneti lakini hukuniambia kama alitoa gurudumu hata moja.

Gari lako lina breki za dramu kwenye miguu yote minne, na dramu za aina hii hazijirekebishi zenyewe. Breki shu zikiisha kidogo zinakuwa mbali na dramu, na pedali inabidi isafiri mbali ndipo zifike. Ukikanyaga mara ya pili, mafuta yameshazisogeza, pedali inapanda. Ndiyo maana nakuomba ufanye jaribio hili injini ikiwa imezimwa. Kanyaga mara mbili, kisha shikilia kwa nguvu ukihesabu hadi thelathini. Pedali ikibaki juu na ngumu, breki zako huenda zinahitaji kurekebishwa tu. Ikizama polepole chini ya mguu, kuna mahali panavuja au raba za masta silinda zimekwisha. Ikiwa laini kama sifongo, kuna hewa kwenye mabomba. Magonjwa matatu, na dawa zake hazifanani hata kidogo.

Kurekebisha kwenyewe ni hivi. Nyuma ya kila gurudumu kuna boliti ya kurekebishia, na baadhi ya magurudumu yana mbili. Inua gurudumu likae hewani, uweke stendi imara, usitegemee jeki. Kaza boliti huku unazungusha gurudumu hadi likamatwe, kisha legeza kidogo kidogo hadi lizunguke huru. Kanyaga breki ili shu zikae katikati, urudie. Lakini usirekebishe kabla hujafungua dramu na kutazama ndani. Ukikuta mafuta, jua sili ya habu au wili silinda inavuja, na breki shu zilizolowa oili hazisafishiki zikarudi kazini. Zibadilishe mbili mbili kwa ekseli nzima, la sivyo gari litakuvutia upande mmoja siku utakayohitaji liende moja kwa moja. Mipira ya breki, ile mifupi inayoning'inia karibu na magurudumu, nunua mipya yote bila kuitazama. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu kutoka hewani, kwa hiyo yatoe yote uweke mapya, na utayatoa tena baada ya miaka miwili.

Halafu angalia kama gari lina busta ya breki, kile kifaa cha kuuongezea mguu nguvu, na kama mfumo wake umegawanywa sehemu mbili. Kama ni mfumo mmoja, bomba likipasuka popote unapoteza miguu yote. Masta silinda ya njia mbili pamoja na busta yake, kutoka Series III za baadaye, ndiyo usasa wa kwanza ninaokubali uugharamie. Vipo pia vifaa vya kuweka diski mbele na ni vizuri, ila dramu kavu, safi na zilizorekebishwa husimamisha gari hili vya kutosha kwa safari yako. Udhaifu wake ni maji na mteremko mrefu. Kwenye ule mlima wako shuka kwa gia, mguu upumzike. Handibreki nayo haishiki magurudumu. Inashika propela, nyuma ya giaboksi, kwa hiyo usiivute gari likiwa linatembea ukidhani utajiokoa. Utavunja kitu.

Usukani ni habari fupi kidogo. Kati ya mikono yako na matairi kuna boksi la usukani, kuna kifaa cha kupokezana kilichojificha kwenye mhimili wa mbele, na kuna jointi sita, kila moja tufe la chuma ndani ya kikombe. Kila moja ikiwa na plei ndogo isiyostahili kutajwa, zote pamoja zinakupa huo mzunguko wa bure unaoulalamikia. Mwambie kaka akae ndani atikise usukani kushoto na kulia bila kukoma. Wewe lala chini, shika jointi moja moja kwa kiganja. Iliyokufa utaisikia ikigonga mkononi. Badilisha zilizokufa, jaza oili kwenye boksi na kwenye kile cha kupokezana, ambacho wengi hukisahau kwa miaka, kisha gari lipimwe alaimenti. Mwisho inua gurudumu la mbele ulitikise juu na chini. Likicheza, kuna beringi inayokuita.

Matairi mapana ya kaka yako ndiyo yatakayokufanya uuchukie usukani huu, kwa sababu hauna pawa. Baki na saizi ya 7.50 R16, ziwe radiali, nyembamba kama zilivyo. Kwenye tope lako la kilomita tatu tairi jembamba linakata hadi chini kwenye ardhi ngumu, pana huelea juu likateleza. Baadaye, ukiwa na pesa na mabega bado yanauma, kuna watu wanaofunga mota ya umeme ya usukani kutoka gari dogo lililogongwa. Inafanya kazi vizuri. Lakini inahitaji kukata na kuchomelea nguzo ya usukani, na hiyo siyo ya kumpa mtu anayejifunza kuchomelea.

Taa za njano usidhani ni balbu. Umeme wa taa zako za mbele unapita wote kwenye swichi ya dashibodi, kupitia waya wa karibu miaka hamsini, na kila penye kutu unapungua. Weka rilei mbili, yaani swichi zinazoamrishwa kwa umeme, karibu na betri, moja ya taa kali na moja ya taa hafifu, kila moja na fyuzi yake, waya mnene uende moja kwa moja kwenye taa. Swichi ya zamani ibaki na kazi ndogo ya kuamrisha. Kisha safisha ethi zote, pale waya zinapofungwa kwenye bodi na chasisi. Alumini na chuma zikigusana kwenye unyevu hulana, na hapo ndipo umeme unapokwama. Taa zako ni zile duara za inchi saba ambazo magari mengi yalitumia, kwa hiyo vioo vipya vya balbu ya halojeni ya H4 vinaingia bila kukata kitu. LED za bei ya chini achana nazo kwanza. Nyingi hutawanya mwanga ovyo, wewe unaona miti na anayekuja mbele haoni chochote. Ukiwa hapo hapo kwenye waya, weka boksi dogo la fyuzi za kisasa. La mzee lina fyuzi chache mno, na sehemu ya kuchajia simu ipate fyuzi yake mwenyewe badala ya kudandia waya wa honi.

Sasa injini, na daftari.

"Valvu 10" ya mzee ni nafasi ya valvu, sehemu kumi kati ya elfu moja za inchi, yaani kama milimita 0.25. Ndiyo namba sahihi ya injini hii ya sentimita za ujazo 2286. Injini za zamani zilizoea petroli yenye risasi, na risasi ile ilikuwa ikikinga viti vya valvu za ekzosi. Petroli hiyo ilikoma kuuzwa kwa magari ya barabarani duniani kote mwaka 2021. Bila risasi, viti laini huliwa, valvu inazama, na nafasi inazidi kubana kila ukiipima. Mzee alikuwa anavizia jambo hilo hilo. Alipoandika kwamba ekzosi zote nne hazijasogea tena, alikuwa anasema viti vimeshikilia. Mtu aliyeandika hivyo hakukuachia injini mbovu, au angalau hakukuachia injini mbovu bila kuandika.

Kuzimika kwenye foleni ikiwa na moto kuna mshukiwa mmoja ambaye kila mwenye injini hii anamfahamu, kama kabureta yako bado ni Zenith ya kiwandani. Kifuniko chake cha juu hupinda kwa joto la miaka, hewa inapenya, mizunguko ya chini inavurugika. Kitoe, weka msasa laini juu ya kipande cha kioo, ukisugue taratibu hadi uso wote uwe mmoja, urudishe kwa gasketi mpya. Kazi ya mchana mmoja. Ikishindikana kuna kabureta ya Weber inayokaa mahali pale pale. Na ile kubembeleza ya asubuhi, toa pointi kwenye distribyuta uweke kifaa kidogo cha ignisheni ya elektroniki kinachofichwa chini ya kifuniko. Kwa pesa ndogo sijui kingine kinacholibadilisha gari la zamani kiasi hicho. Pointi zile za zamani zitie kwenye bahasha ndani ya kiti. Kifaa kikifa porini utazirudisha kwa bisibisi na dakika ishirini.

Dizeli ya turbo siisemi vibaya. Injini ya 200Tdi ya lita 2.5, ambayo Land Rover yenyewe ilianza kuitumia mwaka 1989, imeingizwa kwenye magari mengi kama lako, na inatoa karibu nguvu farasi 111 badala ya 70 zako. Inakula mafuta kidogo. Petroli yako itakupa kilomita tano hadi saba kwa lita, na hilo litakuuma kila wiki, sikufichi. Lakini ile bei ya mishahara mitatu na nusu ni ya injini. Ukishaifunga inataka ekzosi mpya, rejeta, mabomba, vishikio, na ruhusa ya mamlaka za magari kwa injini iliyobadilishwa. Kisha unaendesha kwa kasi ya gari jipya ukiwa na breki za kukanyaga mara mbili. Fundi wako amekupa njia ya kufika haraka kwenye kona usiyoweza kuikata.

Kuhusu kasi, jiulize kilomita 22 zinakuhitaji upite 80 mara ngapi. Wengine watakushauri ubadili difu, uwiano wa gia zake utoke 4.7 kwenda 3.54, injini izunguke taratibu zaidi. Kwenye Land Rover fupi kazi hiyo ni nyepesi, lakini yako ndefu ina ekseli ya nyuma ya Salisbury, nzito na ya aina tofauti na ya mbele, hivyo utatafuta vitu viwili vya makabila mawili, na visipolingana utaharibu siku utakayoingiza magurudumu manne. Tena nguvu farasi 70 kwenye mlima wako na difu ndefu ni gia ya tatu hadi juu. Ovadraivu ya mtumba, yaani gia ya ziada ya mwendo wa kasi, ni bora, inapunguza mizunguko kwa zaidi ya moja ya tano, ila inabeba oili kidogo sana na hufa kimya kimya kwa wasioipima. Mwaka ujao labda.

Kelele itibu kwa mipira mipya ya milango na mikeka mizito ya kuzuia sauti juu ya giaboksi na mbele ya miguu. Usiweke zulia, litakunywa maji na kuozesha sakafu. Mgongo anza kwa kutoa springi, kuzisafisha kutu katikati ya vyuma, kuzipaka grisi na kuweka bushi na shokapu mpya. Springi zako zilitengenezwa kubeba mzigo, tupu zitarusha tu. Zile za parabola zenye vyuma vichache ni laini zaidi na zinafungwa kwenye nafasi zile zile, wakati koili za kaka zinadai kukata chasisi. Ukibadili viti na kuweka mikanda ya pointi tatu, kabla hujatoboa popote kumbuka tanki la petroli liko chini ya kiti cha kulia. Kiyoyozi sahau. Fungua vile vifuniko viwili chini ya kioo cha mbele, upepo utakaouingiza hapo sijaona kiyoyozi kinachoushinda.

Kitasa cha manjano karibu na giaboksi ndicho kinachoingiza magurudumu manne. Kitumie kwenye tope, kitoe kabla ya lami. Gari hili halina difu ya katikati, na kwenye lami kavu ekseli mbili zinavutana hadi kitu kikubali kuvunjika.

Mishahara minne: miwili itakwenda kwenye chasisi, breki, usukani na matairi. Mmoja kwenye umeme, kabureta, springi na kelele. Wa nne ubaki benki, kwa sababu gari la miaka hii likianza kutumika kila siku litakuonyesha ndani ya miezi mitatu kitu ambacho mimi na wewe hatujakifikiria.

Jumamosi hii, kabla ya spana yoyote, azima geji ya kompreshani, ile ya kupima mgandamizo ndani ya silinda. Injini iwe na moto, plagi zote nne nje, waya wa koili umechomolewa, kaka akanyage aksileta hadi chini na kuizungusha kwa stata. Namba za silinda nne zisipishane zaidi ya asilimia kumi au kumi na tano hivi. Mojawapo ikiwa chini, tia kijiko cha oili ndani ya silinda hiyo upime tena. Ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi ya silinda hedi. Ziandike zote nne kwenye daftari la mzee, chini ya mstari wake wa mwisho, na tarehe, kisha unitumie.